Nusu Aliyonibakizia

Kila asubuhi nakata epo, navuta harufu yake, kisha nasubiri mpaka igeuke kahawia.

"Mama, mbona huli?" mwanangu huuliza, yake keshaimaliza.

Utotoni mwangu hapa Mwanza, kwetu epo ilinunuliwa kwa ajili ya mgonjwa tu. Dada alipolazwa, mama alimpelekea moja. Akala nusu, nusu nyingine akanifungia kwenye pindo la kanga. Nilipofika wodini jioni, ilikuwa imegeuka kahawia. Sikuwa nimewahi kuona epo iliyokatwa.

"Imeoza," nikasema, nikamrudishia.

Dada hakununa. "Basi kesho nitakubakizia nzima, mdogo wangu."

Kesho yake mama alirudi nyumbani peke yake, na shuka za dada zimekunjwa, na juu yake epo nzima.