Maumivu Yasiyojua Kulala

Kinyozi yule wateja walimwita Wembe, kwa sababu ya ulimi wake zaidi kuliko kazi yake. Hata figo zilipomgomea, akawa mtu wa kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mpira uliopandikizwa kifuani, aliwatania wauguzi: "Nifueni taratibu, nisije nikachuja rangi."

Mgongo ulipoanza kumuuma hakushtuka. Mtu asimame kutwa nzima, mgongo usiume una nini? Akameza vidonge, akajichua. Lakini maumivu haya hayakujua kulala: akikaa yapo, akijilaza yapo. Kisha akaanza kutetemeka kwa baridi juani. Hakumwambia mkewe. Aliogopa kulazwa, aliwajua wenzake walioingia wodini wakitembea, wakatoka wamebebwa.

Akaenda kwa mama mmoja, mtaalamu wa kunyoosha mgongo.

"Igonge tu hiyo pingili ikae sawa, mama, nirudi kazini."

Mama akapapasa uti wa mgongo kwa ncha ya kidole, polepole. Alipofika usawa wa kiuno, Wembe alipiga yowe. Mama akamshika paji la uso: moto. Ndipo akauona mpira, ngozi imewiva pembeni yake.

"Homa imeanza lini, baba?"

"Ah, baridi baridi tu."

"Na miguu?"

Wembe aliitazama miguu yake. Asubuhi ile kandambili ilimvuka mguuni njiani, asihisi mpaka jirani alipomwita. Kulisema hilo kwa sauti kulimtia hofu zaidi kuliko maumivu yenyewe.

Mama aliondoa mikono. "Sikunyooshi. Vijidudu vikipitia kwenye mpira huo hutembea na damu mpaka mifupani. Usaha ukibana uti, miguu inapooza. Hospitali sasa hivi, usiseme kesho."

Wembe akampigia mkewe simu.

Ndani ya teksi mkewe alimshika mkono bila kumgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Njia nzima alikuwa akijaribu kuchezesha vidole vya miguu. Vya kushoto havikumtii.

Hospitalini, picha ya mgongo ilionyesha usaha kati ya pingili mbili. Walimpasua siku ileile, wakautoa mpira ule mbovu, wakamtundikia dawa wiki nyingi.

Leo ananyoa akiwa ameketi kwenye kigoda kirefu, na mguu wa kushoto huburuta kidogo. Wateja wamerudi, na matusi yake pia. Ila mwili ukimsisimka kidogo tu kwa baridi, huweka mashine chini katikati ya kichwa cha mtu na kumpigia mkewe simu.