Viatu Nje ya Mlango wa Bursa

Mimi huuza viatu vya mitumba pale Umoja, Nairobi, na kazi hiyo imenifunza kutoamini kitu kabla sijakihesabu mara mbili. Kwa hivyo usiniambie habari za ndoto au pombe. Haya yalinipata saa tatu asubuhi, jua likiwaka, nikiwa nimekunywa chai tu. Glasi mbili.

Nilikuwa nimeishi Bursa miezi minane. Ni mji mkongwe wa Uturuki, umeegemea mlima wenye theluji. Nilienda kutafuta mzigo, nikakaa kwa sababu sokoni kwao watu hubishana bei huku wakikumiminia chai, na hakuna anayenuna. Siku zisizo na biashara nilizunguka tu: misikiti ya zamani, hamamu za maji moto ya ardhini, vichochoro ambavyo nyumba za mbao zinakaribia kugusana juu ya kichwa chako.

Katika kichochoro kimoja nikaona viatu nje ya mlango. Ngozi ya kahawia, saizi arobaini na tatu, soli ya kushonwa kwa mkono. Nani anaacha kitu kama hicho barabarani? Umoja havingemaliza dakika. Nikavigeuza, nikahesabu matundu ya kamba. Kumi na mawili. Nikarudia. Kumi na mawili.

"Umevipenda?"

Mzee alikuwa kizingitini, sweta ya kijivu, miguuni soksi tu.

"Ami, vinauzwa?" Huko kila mzee ni ami, hata kama hamjuani.

"Vinatolewa."

"Bure?" Neno hilo huniogopesha.

"Hakuna bure, mwanangu. Vivae, uende kwa miguu hadi kwa ndugu yangu Halil, kile kijiji cha chini ya mlima. Mwambie aje kabla ya adhuhuri. Mwambie mitini yote minne, miti yetu ya tini, ni yake. Miaka kumi na tisa hatusemezani kwa sababu ya miti hiyo."

"Kwa miguu? Ami, hizo ni kilomita kumi!"

"Kumi."

"Niende kwa basi mpaka darajani, nitembee tano zinazobaki. Na hiki kisigino cha kushoto mbona kimelika hivi?"

Akacheka kwa pua. "Wewe shetani angekuuzia moto wake kwa hasara. Haya. Tano."

Nikanyoosha mkono tufunge mapatano. Yeye akaweka wake kifuani, akainamisha kichwa. Nikadhani ni adabu. Jambo jingine lilinipita kabisa: Kituruki changu kilikuwa cha namba na "punguza". Ya mzee huyu niliyaelewa yote, mpaka ya mitini.

Niamini, nilipovivaa viatu vilikuwa na joto, kana kwamba mwenyewe amevivua dakika hiyo. Nilishuka darajani, nikatembea. Kijijini sikuuliza njia. Mimi ninayepotea hata Donholm, mtaa jirani na wetu, nilikata kona za mawe moja baada ya nyingine mpaka mbele ya mlango wa buluu.

Halil akafungua. Mwafrika mlangoni kwake, ungetegemea atazame uso. Alitazama miguu.

"Umevitoa wapi?"

"Kwa ndugu yako, ami. Anasema uje kabla ya adhuhuri, na mitini yote minne ni yako."

"Amesema lini?"

"Leo, saa tatu."

Akaketi chini polepole. "Alikufa jana jioni. Walinipigia, nikakata simu. Kwetu mtu akifa, viatu vyake huwekwa nje, mpita njia mwenye shida avichukue. Na mahakama, tuliposhtakiana, ilihesabu mitini mitatu. Wa nne tuliupanda utotoni, nyuma ya ukuta. Tuliojua ni sisi wawili tu."

Jirani alitupeleka kwa gari. Uani mwa msikiti waombolezaji walikuwa wamebandika picha ya marehemu vifuani. Sweta ile ile ya kijivu. Kabla ya maziko imamu huwauliza watu kama wamemsamehe marehemu haki zao, na huuliza mara tatu. Mara ya kwanza Halil kimya. Ya pili kimya. Vidole vyangu vikajikunja ndani ya viatu. Ya tatu akajibu kwa sauti kubwa kuliko wote: "Nimemsamehe!"

Viatu vikapoa hapo hapo.

Baadaye Halil akanishika mkono. "Alikuwa na hasira?"

"Hapana. Alicheka, nilipobishana naye."

"Nisimulie tena."

Nikasimulia tena. Kisha nikavivua, nikampa. Akasema jambo refu, na sikuelewa hata neno moja.

Niko Umoja sasa, mwaka wa tatu. Mara moja kwa mwezi, saa tatu asubuhi, miguu yangu huondoka. Silali, niko macho, mteja yuko mbele yangu ameshika kiatu. Nafuata barabara ya Outer Ring mpaka miguu iniachilie yenyewe. Nimepima kwa simu, nikapima tena: kilomita tano. Zile nilizopunguza.

Mara ya kwanza mke wangu alilia. Siku hizi ananirushia chupa ya maji. "Baba Akinyi, ni leo? Basi ukirudi leta nyanya."

Bishana na kila muuzaji Nairobi hii, mimi nikiwemo. Lakini mtu aliyesimama mlangoni kwake bila viatu akikutajia bei, lipa yote.