Vazi la Nje

Ilikuwa sauti ya kuvuta pumzi, si ya kukohoa. Mtoto alikohoa mpaka uso ukageuka zambarau, kisha hewa ikarudi ndani kwa mlio mwembamba, kama bawaba kavu. Dada yake, msichana wa shule ya msingi, ndiye aliyekuwa amempakata. Mama yao alikuwa jikoni akichemsha maji. Baada ya mlio ule, mwingine haukuja.

Kifaduro, walisema wakubwa, wakaanza kupanga mazishi. Dada akabaki na mlio sikioni hadi mvi zikamwota.

Alisoma, akaingia maabara, na humo wakambandika jina: Shangazi Mkunjo. Kila mgeni aliyefika mezani pake alilazimika kutazama mchezo wa kitambaa. Alivua pete ya ndoa, akapenyeza ncha ya kitambaa chake cha kichwa, kisha akaanza kuikunja upande wa pili.

"Bakteria wa kifaduro wanajivika protini juu ya ngozi yao," alisema. "Wanaishona ndani, lakini ikijikunja humo ndani, imekwama. Lazima ipite kwenye tundu la ngozi ikiwa uzi mtupu. Sasa nani anaivuta huko nje?"

Mgeni alikodoa macho.

"Inajivuta yenyewe! Ikishajikunja nje, haiwezi kurudi tunduni. Kila mkunjo unavuta uzi uliobaki. Tazama."

"Na shemeji anajua pete yake inafanya kazi hii?" aliuliza mwosha vyombo wa maabara.

"Anajua. Ndiyo maana amejifunza kupika."

Maabara nzima ikacheka. Nyumbani hakukuwa na wa kucheka. Binti yake alijifunza kusuka nywele zake mwenyewe mbele ya kioo. Siku ya mahafali yake, mama alifika viti vikiwa vimeshaanza kupangwa ukutani, koti jeupe bado mwilini.

"Wadudu wako wana mama," binti alimwambia. "Mimi sina."

Angemwambia nini? Kwamba vazi lile ndilo linalosaidia bakteria kung'ang'ania koo la mtoto? Kwamba mwili ukifundishwa kulitambua, utawakamata kwa ukosi kabla hawajakaba? Alichotaka kilikuwa kimoja: mtoto mwingine asitoe mlio ule. Na protini ilimchezea. Kila alipoitengeneza peke yake ilitoka madonge, na madonge hayaufundishi mwili kitu. Mumewe alizeeka akila peke yake, akafa, na yeye bado anakunja. Mwishowe ikakunjika sawasawa. Ikatiwa kwenye chanjo pamoja na vipande vingine, vya maabara nyingine, watu ambao hakuwahi kuwaona. Akastaafu.

Mjukuu alipozaliwa, binti yake hakukosa kumpeleka kwenye chanjo hata mara moja. Kisha asubuhi moja simu ikalia.

"Mama, hebu sikiliza," binti alisema, akaisogeza simu kwa mtoto.

Mlio ulikuwa ule ule.

Mtoto akalazwa. Bibi aliomba sehemu ya makohozi yake ipelekwe maabara yake ya zamani, kwa mwanamke aliyerithi meza yake, mcheshi asiyeacha kumtania. Siku ya majibu hakutania.

"Shangazi, nimerudia kipimo. Nikarudia tena."

Kwenye karatasi, pale ambapo mstari mweusi wa protini yake ulipaswa kuonekana, palikuwa peupe.

"Umekosea dawa."

"Bakteria wetu wa zamani nimewapima pembeni. Mstari wao huo hapo. Hawa wa mtoto ni kifaduro kweli, ila wameacha kulishona vazi lako."

"Na bado wanakaba?"

"Wanakaba. Tuliwafundisha watoto kulikamata vazi. Aliyelivaa akakamatwa, asiyelivaa akapita."

Shangazi Mkunjo aliikunja karatasi mara mbili, tatu, mpaka ikawa donge.

"Kumbe ni mimi niliyewavua," alisema, akacheka kicheko kisichofika popote.

Hospitalini alimkuta mjukuu amelala, mdomo wazi, pumzi imetulia. Daktari alikuwa ameshamwambia binti kwamba kama mtoto asingechanjwa, wangekuwa wanazungumza mengine. Binti aliinuka, akampa mama yake kiti, akaushika mkono wake. Tangu mahafali yale hakuwahi kuushika.

"Mama, kazi ile nimeichukia maisha yangu yote," alisema. "Nisamehe. Leo imemwokoa mwanangu."

Maneno hayo alikuwa ameyasubiri muda mrefu mno. Angeweza kunyamaza tu, na chumbani humo asingekuwapo wa kumbishia. Aliizungusha pete kidoleni.

"Chanjo ina vipande vingi, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini hata binti akalazimika kuinama. "Vilivyomwokoa ni vya watu wengine."