Bibi Analaumiwa kwa Kifo cha Binti Yake, na Ukweli Ninao Mimi

Admin, naomba unifiche jina. Mji wetu ni mdogo na kazi hii ndiyo inayotulisha nyumbani. Mimi ni mwanamke wa miaka 37, nimeolewa, nina watoto, naishi Ifakara. Ni muuguzi kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Nimeona watu wengi wakifa mbele yangu na nimezoea, kama kweli mtu anaweza kuzoea. Hili ninaloandika sijalizoea.

Masika iliyopita tulikuwa na mzee mmoja amelazwa kwa kiharusi, anapumua kwa mashine. Mashine za kupumulia tulikuwa nazo mbili, ila moja ilikuwa mbovu, inamsubiri fundi kutoka Dar. Sisi tuliomgeuza na kumsafisha tulijua mzee hayupo tena. Ukimmulika machoni hakuna kitu, ukimfinya hashtuki. Daktari naye alijua. Lakini watoto wake walikuwa watu wa upendo, wanamletea shuka safi, wanamsomea sala sikioni, na daktari akashindwa kuwaambia. Kila wakiuliza anajibu, "Msikate tamaa, tuendelee kumwombea." Nilimfuata pembeni nikamwambia wale watu wanastahili kujua. Akasema, "Sista, habari hiyo naitoa mimi, na nitaitoa wakati wake." Ni kweli, si kazi ya nesi. Nikarudi kwa wagonjwa.

Ndipo asubuhi moja akaletwa binti kutoka Mofu, ana kifafa cha mimba. Njia zilikuwa zimejaa maji, wakamvusha kwa mtumbwi ndipo wakapata gari. Alipasuliwa, mtoto wa kike akatoka analia vizuri tu. Binti mwenyewe akaletwa kwetu mapafu yamejaa maji, hawezi kupumua mwenyewe. Wagonjwa kama yule nimeshawaona wakiwekwa kwenye mashine, wakapona, wakarudi kwao na watoto wao mgongoni.

Daktari akawaita watoto wa mzee, akawaambia ukweli kwa mara ya kwanza, akawaomba mashine impishe binti. Mtoto mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza taratibu, "Daktari, jana umetuambia tusikate tamaa. Leo amekuja mgonjwa mwingine, ndiyo baba amekufa?" Wakakataa. Daktari alisema hawezi kumwondolea mzee mashine kwa nguvu. Gari la wagonjwa nalo lilikuwa limeshakwenda Morogoro na mgonjwa mwingine.

Tukaanza kumpumulia kwa mkono, kwa ule mfuko wa mpira unaokamua hewa iingie kifuani. Mmoja akichoka anapokea mwenzake. Vidole vilikufa ganzi. Kuna wakati alifumbua macho, akaning'ang'ania gauni langu, ananitazama. Nikamwambia, "Mtoto mzima, wa kike. Tulia, mdogo wangu." Kitanda cha pili kifua cha mzee kilikuwa kinapanda na kushuka kwa mashine. Mchana wa siku hiyo hiyo moyo wa yule binti ukasimama. Mzee naye hakumaliza wiki.

Nilitoka na daktari kwenda kuwaambia ndugu. Kwenye benchi alikuwa mama mzazi wa binti na mume wa marehemu. Daktari akasema, "Poleni sana. Tumejitahidi, ila mgonjwa alifika amechelewa." Nilimwona yule kijana anageuka taratibu kumtazama mama mkwe wake. Uchungu ulikuwa umeanza jioni iliyotangulia, na mama ndiye aliyesema wasubiri kupambazuke kwa sababu aliogopa maji. Walichelewa kidogo, sikatai. Wala siwezi kuapa kwamba angepona. Lakini alifika akiwa bado na nafasi ya kupona, na si mama yake aliyemkosesha.

Tangu hapo mume amemchukua mtoto, amempeleka kwao upande wa Mahenge, na amesema yule bibi asikanyage kwake. Mama hakubisha. Ameamini kabisa kwamba amemuua mwanae. Majirani zake wanasema mwaka huu hata shamba la mpunga hakulilima.

Nilikwenda kwa mkuu wangu wa wauguzi nikamweleza. Akafunga mlango, akasema, "Ukisema, yule kijana ataanza na watoto wa mzee. Unataka watu wakatane mapanga? Na daktari akiondoka, nani atapasua hapa? Marehemu harudi." Nikaomba nihamishiwe kliniki ya watoto, nikaambiwa hakuna wa kuziba nafasi yangu. Daktari naye ananikwepa. Amekonda, na sasa kila familia anaiambia haina matumaini, hata pale ambapo matumaini yapo. Mume wangu ananiambia niache, siyo msalaba wangu. Lakini nikishika ule mfuko wa mpira siachi kukamua hadi wenzangu wananipokonya.

Wiki hii yule mama amekuja hospitali kunitafuta. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono. "Mwanangu, wewe ulikuwepo. Ulihangaika na mtoto wangu, niliona. Hivi kweli ningemtoa usiku ule angekuwa hai?"

Nikamwambia, "Mama, ni mipango ya Mungu." Hayo ndiyo yaliyonitoka.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeshajibiwa. Kisha akanipa namba ya mkwe wake. "Mpigie wewe, ni nesi, atakusikiliza. Usimwombe anisamehe. Mwambie tu nimwone mjukuu wangu mara moja, nitakaa mlangoni, sitamgusa."

Namba ninayo kwenye simu. Nikipiga nikasema ukweli, natoa siri za wagonjwa, napoteza kazi, na pengine damu inamwagika kati ya familia mbili ambazo hazikukosa. Nikipiga nisiseme, nitakuwa nimeusaidia ule uongo. Nisipopiga kabisa, yule mama anakufa na lawama hii, na haionekani kama atachukua muda mrefu.

Ndugu zangu mnaosoma, nielekezeni. Yule kijana akipokea simu, nimwambie nini?