Sabuni Isiyonukia ya Shirimatunda

Kwenye vituo vingine vya kuosha magari Shirimatunda povu ni la pinki, na gari hutoka likinukia stroberi. Povu la Leonia ni jeupe tu. Sabuni huichanganya mwenyewe kwenye ndoo, bila rangi wala manukato, na wateja humtania.

"Mama Evelyn, sasa nitajuaje kama gari limeoshwa?"

"Lifute kwa shati lako."

Leonia alikulia Uru. Mama yake hakuruhusu taa ya mafuta wala kitunguu kusogea karibu na kahawa iliyoanikwa. "Kahawa hunywa harufu kabla ya kunywewa," alikuwa akisema.

Jumatano moja, saa tatu asubuhi, Valerian aliingia kituoni na gari dogo la kikundi cha wakulima wa Uru, jasho likimtoka. Jana yake, kwa kuiheshimu safari, alipaka dashibodi na viti dawa nyekundu ya kung'arisha, yenye manukato ya stroberi.

"Shikamoo, Mama Evelyn. Leo saa nane waonjaji wanangoja sampuli za kahawa yetu ya mwaka mzima. Katibu Mektrida amekataa kuzipakia. Anasema gari linanuka harusi!"

"Marahaba. Kwetu harusi hainuki stroberi, aisee. Toa viti."

Viti vilianikwa juani. Leonia alisugua kwa maji moto na sabuni yake; kitambaa cheupe kilipogeuka chekundu, alikisuuza akaanza upya. Maji ya ndoo aliyabadilisha mara saba.

"Halinuki tena," Valerian alisema saa sita.

Leonia alifungua mlango wa gari. Aliingia ndani, akapandisha vioo vyote, akakaa kwenye joto lile dakika kumi. Alitoka amelowa jasho.

"Bado. Harufu iko kwenye mikanda ya usalama."

Akaisugua mikanda. Saa sita na nusu akajifungia tena. Angeweza kusema tayari. Valerian alikuwa ameshashika funguo.

"Joto likipanda, inarudi. Kidogo."

"Kidogo tu, mama? Si tupakie?"

"Kahawa haijui kidogo."

Akampigia Mektrida mwenyewe. "Usimngoje huyu. Gari limenishinda kwa leo. Funga sampuli kwenye kitambaa kisafi, panda pikipiki."

Fundi mwingine angeona haya kukiri hivyo mbele ya mteja. Leonia alikata simu, akainama kung'oa zulia. Valerian akabaki kumshikia ndoo, akitazama saa kila mara.

Saa tisa na robo Mektrida alipiga. Alikuwa amezibeba sampuli mgongoni kwa mbeleko, kama mtoto, hadi mezani kwa waonjaji.

"Hawakukuta harufu ngeni hata moja. Wamesema safi!" Kisha akauliza, "Na gari?"

Leonia alilitazama zulia lililotandazwa juu ya majani.

"Gari mpaka Ijumaa," alisema. "Valerian atarudi kwa miguu."