Furushi la Majani ya Mgomba

Marehemu mke wangu hakutupa kitu ovyo. Tulipopanga nyumba Naguru, mjini Kampala, miaka michache baada ya vita, tulikuta migomba uani, na yeye, Mkenya aliyekulia ugali, akajifunza kwa majirani kupika matoke, ndizi mbichi za huko, kwa mvuke, yakiwa yamefungwa ndani ya majani ya mgomba. Wenzake wakimaliza kupika waliyamwaga majani hayo shinani mwa migomba yaoze. Yeye aliyakunja, akayafunga kwa kamba ya mgomba, ndipo akayaweka hapo shinani. Nilimtania kwamba hata takataka zake zinafungwa kama mizigo ya safari.

Aliugua ghafla, akafa. Tulimzika nyumbani, Kenya, nami nikarudi Kampala peke yangu, kwa sababu duka langu la Nakivubo halikujua msiba. Redio ya jirani iliniudhi, na ilipozimwa niliudhika zaidi.

Ndipo nikaliona furushi lake la mwisho, bado limefungwa, chini ya mgomba. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya mpaka. Hili lilikuwa hapa. Niliapa halitaguswa. Kila asubuhi nilisimama pale na chai yangu, nikimpa habari za duka.

Mvua zikaja. Nyuzi nyeupe, nyembamba, zikatambaa juu ya majani. Nilizikwangua kwa kijiti, nikanyunyiza majivu, zikarudi. Nilipoliinua furushi kidogo nikaelewa: kuvu ile ilitoka udongoni, na nyuzi zake zilikuwa zimelishona furushi na ardhi. Sehemu laini za majani zilikwisha kuliwa, imebaki mishipa mitupu. Nilihisi nanyang'anywa mara ya pili, nikaitukana kuvu kwa sauti.

Jirani yangu, mke wa polisi kutoka kaskazini, alikuwa akianika nguo. "Mzee, hiyo haina ubaya," akasema. "Inakula majani, halafu migomba nayo inakula ile inabaki. Mama alikuwa anajua. Ndiyo maana alikuwa anaweka hapo."

Nilijua anasema kweli, na ukweli wake haukunifaa kitu. Hata hivyo niliacha kukwangua.

Fundo la kamba ndilo lililodumu. Majani yalikwisha, lenyewe likabaki limefunga hewa. Kisha nalo likalainika, likazama. Nikaanza kunywa chai yangu ndani.

Msimu uliofuata jirani aliomba kupanda maharage kati ya migomba. "Nionyeshe pale pa Mama," akasema, jembe begani, "nisipige hapo."

Mgomba wenyewe ulikwisha kuzaa na kukatwa, na machipukizi yalikuwa yametapakaa kila upande. Nikaenda huku, nikaenda kule, nikainama. Udongo ulikuwa mweusi, mwororo, sawasawa kila mahali.

Nikamwambia alime popote.