Wanjugu Hakufukuzwa Chuoni

Wanjugu binti Gichuru hakufukuzwa chuoni. Hakuwa na mimba, hakumpiga mhadhiri, wala hakumtukana mtu. Hayo yanayosemwa kwenye steji ya matatu ya Mutuini, na baada ya ibada watu wakiwa na vikombe vya chai mkononi, yamepitia midomo mingi mno, na wengi wanaoyasema hawakuwepo. Yaliyotokea ni haya.

Wanjugu alizaliwa akisikia. Homa ya uti wa mgongo ilimpata kabla hajaanza nasari, na alipopona, masikio hayakupona naye. Marehemu baba yake, Gichuru, alikuwa karani wa mahakama, mtu wa tai hata Jumamosi, na hakukubali mwanawe afichwe chumbani wageni wakija. Mama yake, Becky, mwalimu wa jiografia, alijifunza lugha ya ishara katika shule ya viziwi aliyopelekwa mtoto. Mezani kwao mtu aliweka uma chini kwanza ndipo azungumze. Majirani walicheka. Wanjugu akapita mitihani yote.

Mwaka 2005 chuo kikuu kimoja chenye madarasa katikati ya jiji, juu ya maduka ya vifaa vya ujenzi karibu na River Road, kilianzisha shahada ya ualimu kwa wanafunzi viziwi. Wanjugu alikuwa katika kundi la kwanza. Aliyeupigania mpango huo ni mhadhiri mmoja, Daktari Norman Wahome. Kabla yake, kiziwi aliyetaka digrii aliketi nyuma ya ukumbi akinakili daftari la jirani na kuomba Mungu jirani awe na mwandiko mzuri. Wahome ndiye aliyewatafuta wakalimani. Ndiye aliyegombana na ofisi hadi ikanunuliwa taa ndogo ya kummulika mkalimani pale darasa linapotiwa giza ili picha zionekane ukutani, maana gizani kiziwi hafundishwi kitu. Katikati ya kazi hiyo alipata kiharusi. Alirudi kazini kabla ya daktari wake kumruhusu, upande mmoja wa mdomo ukiwa umeshuka, leso haimtoki mkononi.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakujifunza ishara, ila ile ya asante.

Sasa, viziwi wana desturi yao ya majina. Hawaandiki jina la mtu hewani herufi kwa herufi kila wanapomtaja. Humpa ishara moja, na mara nyingi ishara hiyo hutoka katika kile ambacho jicho hukiona kwanza. Wanjugu aliitwa kwa kugusa nyusi, kwa sababu ya kovu alilolipata akicheza. Mkalimani wao, Peres, aliitwa kwa hereni zake kubwa. Mtu hajichagulii jina, na hakuna anayelihesabu kuwa tusi. Asiyejua ishara anaweza kuishi na jina miaka mingi bila habari. Jina la Daktari Wahome lilikuwa kidole kuvuta pembe ya mdomo kuelekea chini.

Septemba 2007 chuo kiliwafanyia karamu wanafunzi wa mwaka wa tatu waliokuwa wakijiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha. Walikuwapo wakuu wa idara na wageni wenye suti. Wenzake walimchagua Wanjugu atoe shukrani. Alisimama mbele, Peres pembeni yake akisema kwa sauti. Alisema kwamba bila mtu mmoja, wote wangekuwa nyumbani wakichuma mboga. Kisha akamtaja mtu huyo. Akavuta pembe ya mdomo, na viziwi wote ukumbini wakafanya vivyo hivyo kwa furaha, mara ya kwanza, ya pili, kama watu wanaoimba jina.

Meza ya wageni ikaangua kicheko.

"Hiyo ni nini wanafanya?" Wahome alimwuliza Peres.

"Ni jina lako, Daktari."

"Jina langu ni Wahome."

Alikunja leso yake, akatoka. Wanjugu alibaki na mikono hewani, akiangalia mlango.

Baada ya hapo Wahome hakuonekana darasani. Barua za kuwatuma wanafunzi mashuleni zilingoja saini yake, na bila mazoezi hayo hakuna ambaye angehitimu. Hatimaye akatuma neno: aliyemdhihaki amwombe radhi, akiri kwamba lilikuwa tusi, na amtaje aliyelianzisha. Wenzake Wanjugu wakaanza kumkwepa kwenye ngazi.

Mutuini habari ilifika ikiwa na nyama juu yake. Becky alikuwa akinunua sukuma wiki aliposikia nyuma yake, "Kumbe hata bubu ana matusi."

"Wewe ulidhani? Mikono ndiyo mdomo wao," mwingine akajibu. "Na vile huyo mama hujiona."

Becky alichukua mboga zake akaondoka bila kugeuka. Lakini nyumbani alimkabili binti yake.

"Omba radhi. Ni maneno tu."

"Nitaomba radhi kwa kuwa ameumia," Wanjugu alijibu kwa mikono. "Sitasema ni tusi. Si tusi."

"Mtu anaitwaje kwa ugonjwa wake?"

"Mimi naitwa kwa kovu. Umewahi kuniona nikilia?"

"Na mimi mnaniitaje?"

Wanjugu alisita. Kisha akaweka kidole chini ya kidevu akakiinua juu sana. Becky alitazama kidole hicho, akaenda jikoni kuwasha jiko. Ni kweli kwamba mama huyo hutembea kichwa juu. Hajawahi kupewa sababu ya kukiinamisha.

Jumamosi walikwenda Spring Valley, nyumbani kwa Wahome. Peres alijitolea kuwafasiria, Becky akakataa; jambo la nyumba hufasiriwa na nyumba. Walikaribishwa chai. Wahome aliketi upande ambao dirisha lilikuwa nyuma yake, ili uso wake usionekane vizuri, na Wanjugu akalazimika kukaza macho ili asome midomo.

"Mama Wanjugu," alisema, "niliacha kulala kwa ajili ya hawa watoto. Nikaja kuchekwa mbele ya watu."

Wanjugu aliinama mbele. Mikono yake ilikwenda polepole, kama mtu anayeandika mwandiko mzuri. Alisema kwamba alihuzunika kumwona akitoka. Alisema kwamba kwao jina lile ni la mtu wanayempenda kuliko wahadhiri wote, na kwamba hawezi kuliita tusi, kwa sababu angekuwa anadanganya.

Becky akageukia mwenye nyumba. "Anasema anajuta. Anakiri lilikuwa tusi, na anaomba msamaha."

Mama yeyote angefanya hivyo. Lakini Wanjugu alikuwa amejifunza kusoma mdomo wa mama yake kabla ya mdomo wa mtu mwingine yeyote duniani. Aliweka kikombe chini akampiga Becky gotini.

"Sijasema hivyo."

Wahome aliona. "Amesema nini?"

Becky aliinua kikombe chake cha chai.

"Mwalimu, nimeuliza amesema nini."

"Amesema," Becky akajibu, na hapo ilimbidi, "kwamba hakukutukana, na kwamba hatasema alikutukana."

Wahome alifuta mdomo. Hakupaza sauti. Aliikunja leso kama alivyoikunja siku ya karamu, na macho ya Wanjugu yakajaa machozi.

"Basi aniambie ni nani aliyenipa jina hilo. Nataka nimjue huyo mmoja tu."

Becky alifasiri, safari hii neno kwa neno. Wanjugu alimtazama Wahome, kisha akaikalia mikono yake yote miwili. Kwa kiziwi hiyo ni kufunga mdomo kwa kufuli.

"Sema tu, mama," Becky alimsihi kwa ishara ndogo, chini ya meza. "Huyo mwingine atajitetea." Mikono haikutoka.

Wahome aliwatilia saini wengine wote. Barua ya Wanjugu aliiacha pembeni mpaka atakapojibu. Hakumfukuza, na haki isemwe, hakuwa mtu wa kufukuza. Wanjugu alingoja muhula mmoja, kisha akaandika mwenyewe kwamba anaacha masomo. Sasa yuko kiwanda cha uchapaji River Road, anashona vitabu vya risiti kando ya mashine ambazo kelele zake hazimsumbui. Wenzake walihitimu. Mmoja wao, aliyezoea kuwatembelea, hajakanyaga Mutuini tangu siku ya karamu.

Watu huja kuuliza ni nani aliyelitoa lile jina, wengine wakiwa wamebeba hata mkate na sukari. Wanjugu anajua, na mama yake anajua. Hatatajwa leo, hatatajwa kesho, na nyumba ya Gichuru haina la kuongeza.